MNAZI MZEE WATAKA JINO GUMU

Hapana mti usifiwao pwani kama mnazi, na hapana shina lidharauliwalo kama shina lake. Dafu twanywa, nazi twakuna, makuti twaezeka, makumbi twasokota kamba, chelewa twafunga fagio, na vifuu twatia motoni. Lakini mnazi ukiisha kuzeeka, ukawa hauna kileleni ila nazi tatu nne za kuonea haya, mwenyewe huutazama kama mzigo. Huliuza shina likiwa limesimama, kwa bei ya kutupa. Ama huliangusha na kuliacha lioze shambani. Ama hukata kipande cha kuvukia mtaro, na kilichosalia akakisahau. Makala haya yanahusu shina hilo, na chombo kiwezacho kuligeuza mbao, na hasa meno ya chombo hicho. Kwani faida na hasara ya kazi hii, kama tutakavyoona, imo katika jino.

Twaitaja Mwera kwa sababu ni mahali pa kufaa kuupimia mfano huu. Ni kata ya wilaya ya Pangani, ng'ambo ya kusini ya mto, katika njia iendayo Mkwaja na Saadani. Na mtu aendaye Ushongo ufukweni hupita hapo. Ni nchi ya mkonge na minazi tangu zamani. Mnazi mrefu wa pwani yetu huweza kuzaa miaka 60 na zaidi, kisha nguvu hupungua. Na katika mashamba mengi ya pwani minazi iliyopandwa na mababu ndiyo iliyosimama hata leo. Tena uko ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao umeua minazi mingi katika pwani ya Tanzania bila ya kuchagua mzee wala kijana. Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Minazi ulipoanzishwa mwaka 1979, kuirudishia pwani minazi mipya na kuutafiti ugonjwa huo zilikuwa miongoni mwa kazi zake kubwa. Lakini hupandi mche mpya chini ya kivuli cha mzee asiyezaa. Sharti mzee aondoke, na akiondoka, shina lake litakwenda wapi?

Jambo hili si dogo, wala si la mapambo ya shamba tu. Shina la mnazi likiachwa lioze ni nyumba ya chonga, yule mbawakawa mweusi mwenye pembe, ambaye huzaa watoto wake ndani ya mti uliooza, kisha hutoka usiku kwenda kutoboa vilele vya minazi iliyo hai. Kwa hivyo mtu aliyeangusha minazi kumi na kuiacha ilale, kisha akapanda miche kando yake, amewaandalia adui zake malazi na chakula mahali pamoja. Kuipasua minazi hiyo mbao ni kupata fedha na kuondoa mazalio ya mdudu kwa kazi moja.

Basi kwa nini haipasuliwi? Muulize mpasuaji mbao yeyote, naye atakujibu kwa neno moja: mnazi unakula msumeno. Asema kweli, na yafaa tujue sababu, maana wengi hudhani ni ukaidi wa mti tu.

Mnazi haukuumbwa kama mwembe wala mvule. Hauna matawi, na kwa hivyo ubao wake hauna fundo hata moja. Hauna pete za miaka. Shina lake ni nyuzi ngumu zilizosimama wima ndani ya nyama laini, na nyuzi hizo zimesongamana pembezoni na kutawanyika katikati. Miti mingine moyo wake ndio mgumu na ganda ndilo laini; mnazi ni kinyume. Ubao uliotoka upande wa nje, chini karibu na mizizi, huweza kuwa na uzito wa kilo 600 hadi 900 kwa mita moja ya ujazo, nao washindana na mbao ngumu za kuheshimiwa. Lakini ubao wa katikati, huko juu karibu na kilele, hauzifikii hata kilo 300, na ukiukandamiza kwa kidole gumba utabonyea. Tena ndani ya mti wenyewe mna silika, ambayo ndiyo asili ya mchanga. Kuupasua mnazi, basi, ni kama kupasua mti mgumu uliopakwa mchanga ndani yake. Jino la chuma cha kawaida huanza vyema, na baada ya magogo machache ncha yake imekuwa butu. Na msumeno butu haukati, bali huchana, hupata moto na kwenda upande, hata ubao ukatoka mnene huku na mwembamba kule. Seremala akiuona ubao huo husema mnazi haufai, na kosa ni la msumeno.

Wala mnazi si peke yake katika mkoa wa Tanga. Msaji, ambao Serikali imeupanda kwa wingi katika shamba la Longuza wilayani Muheza, nao una silika, na mafundi waujua kwa tabia yake ya kuvia makali ya randa. Na mvule una hila yake, ambayo msumeno mpya huweza kuharibika kwayo katika dakika moja. Ndani ya mvule, aghalabu penye uwazi au jeraha la zamani, hukaa jiwe la chokaa ambalo mti umelifanya wenyewe. Kwa nje huoni kitu. Gogo laonekana zima, msumeno waenda kwa raha, kisha ghafula sauti yabadilika, na meno kumi na mawili yamekwisha.

Mkoa wetu, kwa hivyo, ni mkoa wa miti ilayo meno, na historia yake ya mbao ni ndefu. Wakati wa Wajerumani ilijengwa reli ndogo kutoka Tengeni kwenda Sigi, chini ya milima ya Usambara Mashariki, ikaanzwa mwaka 1904 na kumalizwa mwaka 1910, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuteremsha mbao. Baadaye, baada ya Uhuru, kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga kilipasua magogo ya milima hiyo kwa mashine kubwa na kwa msaada wa Finland, hata lawama za kuharibika kwa msitu zikazidi, na ukataji huo ukasimamishwa katika miaka ya 1980. Mwaka 1997 sehemu kubwa ya msitu huo ikawa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Twalitaja jambo hili si kwa kulaumu waliopita. Kiwanda kikubwa hakiwezi kumfuata mtu mwenye minazi minane nyuma ya nyumba yake. Chataka magogo mengi makubwa, barabara na magari mazito, na mahali pa kupata vitu hivyo vyote pamoja ni msituni. Mwenye minazi minane ataka mashine imfuate yeye.

Na mashine hiyo iko. Ni msumeno wa utepe wa kuhamishika. Mfano wake ni huu: kuna magurudumu mawili makubwa, na utepe wa chuma cha pua ulioungwa ncha kwa ncha, wenye meno upande mmoja, unaoyazunguka kama ukanda wa cherehani uzungukavyo gurudumu lake. Gogo hulala juu ya kitanda cha chuma wala haliendi popote. Kichwa cha mashine, pamoja na injini yake ndogo ya petroli au dizeli, ndicho kisukumwacho juu ya reli kulipita gogo. Hufungwa nyuma ya gari na kuvutwa hadi shambani. Fikira ya utepe wenye meno ni ya zamani: William Newberry wa London aliipatia hataza mwaka 1808, lakini tepe zilikuwa zikikatika penye kiungo, hata bibi mmoja wa Ufaransa, Anne Pauline Crépin, alipovumbua njia nzuri ya kuunga mwaka 1846. Mashine ya kuvutwa kwa gari ilienea baadaye sana. Kampuni ya Wood-Mizer ya Marekani, ambayo jina lake lajulikana kwa wapasuaji wengi wa Afrika, ilianza mwaka 1982. Vijiji vya Tanzania vyenye misitu yao vilipata misumeno ya kuhamishika katika mradi wa FORVAC, uliofadhiliwa na Finland kuanzia mwaka 2018, na ambao katika mkoa huu ulifanya kazi Handeni na Kilindi.

Sifa yake ya kwanza ni wembamba. Utepe una unene wa milimita moja na kitu, na mkato wake hula kama milimita 2 tu za mti. Msumeno wa duara hula milimita 6 au zaidi, na ule wa mnyororo, utumiwao sana mashambani, hula zaidi ya hapo. Tufanye hesabu kwa boriti ya mwembe yenye upana wa milimita 300, tutake mbao za milimita 25. Kwa mkato wa milimita 6 tutapata mbao 9. Kwa mkato wa milimita 2 tutapata mbao 11. Mbao mbili katika kila boriti zilikuwa zikimwagwa chini kuwa unga, na mwenye mti hakulipwa kitu kwa unga huo.

Sasa tuje kwenye jino lenyewe, ndiko kwenye maneno mengi ya wauzaji.

Yako meno ya namna tatu. La kwanza ni la chuma cha pua, lililochongwa katika utepe wenyewe na kugumishwa kwa moto nchani. Hupindwa moja kushoto, moja kulia, ili mkato uwe mpana kuliko utepe na utepe usibanwe. Ni rahisi kwa bei, na hunolewa kwa jiwe la kawaida. La pili limetiwa ncha ya stelaiti, mchanganyiko wa kobalti na kromiamu aliouvumbua Elwood Haynes wa Marekani na kuupatia hataza mwaka 1907. Hili lavumilia moto na mchanga kuliko chuma, na viwanda vingi vya mbao ngumu vya Afrika vimelitumia. La tatu ni la kabaidi. Kabaidi ni punje za tangsteni na kaboni zilizoshikanishwa kwa kobalti, kama vile kokoto zishikanishwavyo kwa saruji. Wajerumani waliivumbua katika miaka ya 1920, na kampuni ya Krupp ikaanza kuiuza mwaka 1927 kwa jina la Widia, yaani "kama almasi". Kipande kidogo cha kitu hicho hulehemiwa juu ya kila jino, kisha hunolewa kiwe kipana kidogo kuliko utepe, na kwa hivyo jino halihitaji kupindwa.

Kwa mnazi na msaji, hapana shaka kwamba kabaidi ndiyo yenye kufaa. Silika haiisumbui kama isumbuavyo chuma. Hukata kwa ukali muda mrefu zaidi mara nyingi, na ubao hutoka ulionyooka. Watu wa Ufilipino, waliokuwa na minazi mizee kuliko sisi na waliofanya majaribio mengi ya kuipasua katika miaka ya 1970, walifikia maoni hayo hayo: meno yenye ncha ngumu, au usumbufu. Hata hivyo hatuwashauri watu wa Mwera wakimbilie dukani kesho, kwa sababu utepe wa kabaidi una bei ya tepe kadhaa za kawaida, na una masharti ambayo mwuzaji huyapitia haraka.

Sharti la kwanza ni msumari. Kabaidi ni ngumu kama jiwe, na kama jiwe, huvunjika. Jino la chuma likikuta msumari hupinda au huwa butu, nalo hunolewa likarudi kazini. La kabaidi huvunjika vipande. Na mnazi wa nyumbani ni mti wa misumari! Hapo ilifungwa kamba ya nguo, hapo paliegemezwa banda la kuku, hapo palitundikwa kibao cha duka. Tena mkwezi amekata vidato tangu chini hata juu, na kila kidato kimekusanya mchanga wa miaka. Na gogo likiburutwa juu ya mchanga wa Ushongo kabla ya kufika kwenye mashine, limejipaka sumu ya jino. Yafaa gogo libebwe au liviringishwe juu ya miti, lioshwe kwa maji na kusuguliwa kwa fagio gumu, na likaguliwe kwa macho na kwa kile chombo cha kutambua chuma, ambacho si ghali ukilinganisha na utepe mmoja. Kwa mvule wenye jiwe, sisi twaona ni afadhali kuanza na utepe wa kawaida mpaka gogo lijulikane lina nini. (Na mvule wenyewe haukatwi ovyo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yataka kibali, na mashine ya kuhamishika isiwe njia ya kuwafikisha wezi wa miti mahali ambapo zamani hawakuweza kufika.)

Sharti la pili wengi hawalijui, nalo ni uchovu wa utepe. Jino la kabaidi huweza kuwa bado kali, lakini utepe ulioubeba umechoka. Tufikiri kidogo: utepe wa urefu wa mita 4, ukienda kwa mwendo wa mita 25 kwa sekunde, huzunguka mara 6 na robo kila sekunde, na katika kila mzunguko hupindwa mara mbili, mara moja kwa kila gurudumu. Kwa saa moja umepindwa na kunyooshwa mara 45,000. Chuma chochote kilichotendwa hivyo huanza kupata nyufa ndogo chini ya meno. Kwa jino la kawaida jambo hili halisumbui sana, kwa sababu jino huwa butu mapema, utepe ukavuliwa ukanolewe, nao ukapata kupumzika. Lakini mwenye kabaidi huona jino lakata vyema, akaendelea saa baada ya saa kwa furaha, hata utepe wa bei kubwa ukakatika na meno yake mazima. Fedha imekwenda. Sharti mwendeshaji ahesabu saa, aulegeze na kuuvua kwa zamu, awe na mwingine wa kubadilishana, wala asingoje jino limwambie.

Sharti la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni mnoaji. Jino la chuma hunolewa na kijana mwenye jiwe na subira. Kabaidi haikubali jiwe hilo. Hunolewa kwa jiwe la almasi, juu ya mashine iliyopimwa sawasawa, huku maji yakimiminika. Mtu wa Mwera akinunua utepe wa kabaidi, na kila ukiwa butu apaswe kuusafirisha mbali kwenda kunolewa, au autupe anunue mwingine, basi amenunua ubutu kwa bei ya ukali. Kwa maoni yetu, hesabu ya utepe mmoja mmoja haifai kufanywa kabisa. Hesabu ifanywe ya mnoaji: awepo mmoja katika mji wa Tanga, mwenye mashine ya almasi, awahudumie wenye misumeno wa Pangani, Muheza, Korogwe na Handeni. Mashine moja ya kunolea yenye tepe za wilaya nne itafanya kazi. Mashine hiyo hiyo kwa mtu mmoja wa Mwera italala. Na hapa ndipo chama cha ushirika kinapofaa, maana wenye minazi ni wengi na kila mmoja ana michache. Mpaka siku hiyo ifike, mpasuaji mwenye tepe kumi za kawaida, azinoaye kila jioni, atapata mbao nyingi kuliko mwenzake mwenye utepe mmoja wa kabaidi asiojua wa kumpelekea.

Kuhusu afya twasema maneno machache, lakini ya lazima. Unga wa mvule huwasha macho na ngozi, na wako watu ambao huwaletea pumu. Vumbi la kunoa kabaidi lina kobalti, nalo huharibu mapafu polepole bila ya kupiga hodi. Mnoaji afanye kazi kwa maji na afunike pua na mdomo kwa barakoa ifaayo. Kitambaa cha shuka hakitoshi.

Yabaki maneno juu ya mnazi wenyewe, kwani mtu aweza kuwa na utepe bora na bado akaharibu gogo. Upasuliwe ukiwa mbichi. Ukikauka huwa mgumu zaidi na huongeza kazi ya jino. Maji yenye sabuni kidogo yadondoke juu ya utepe ili utomvu usigande. Na kwa kuwa uzima wa mnazi uko pembezoni, gogo lizungushwe, mbao zitolewe upande huu na upande ule, kisha moyo uachwe. Mbao za nje zafaa sakafu, ngazi, vipini, milango na samani, na rangi yake yenye vidoa vyeusi ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Zile za unene wa kati zafaa kuta za ndani na makasha. Moyo laini usipewe mtu kwa kenchi wala boriti. Fundi amwuziaye mwenziwe moyo wa mnazi kwa ajili ya paa anastahili kushitakiwa. Mbao zipangwe siku ile ile chini ya paa, zikiinuliwa kutoka ardhini na kutengwa kwa vijiti, kwa kuwa mnazi mbichi hushikwa na kuvu kwa siku chache tu. Wala zisigusane na udongo pasipo kutiwa dawa.

Gogo la mnazi mmoja wenye urefu wa mita 18 na kipenyo cha sentimita 28 lina kama mita moja ya ujazo. Haitoki yote mbao nzuri, na huenda ikawa ni theluthi tu. Lakini mwenye kuuza mnazi uliosimama ajue kwamba hiyo ndiyo bidhaa ambayo mchuuzi anaihesabu kimoyomoyo anapoutazama mti na kutikisa kichwa.

Katika mji wa Moshi kiko Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, kinachofundisha upasuaji wa mbao na utunzaji wa misumeno. Kama wazee wa Pangani wana fedha ya utepe mmoja wa kabaidi, fedha hiyo kwanza imsafirishe kijana mmoja kwenda huko, naye aende na kipande cha mnazi wa Mwera mkobani mwake.